Je, wajua kwa nini bahari inayobomoa pwani ndo inatuletea zana za mawe za kale?

Kuna kijiji Uingereza, mkoa wa Norfolk, kinaitwa Happisburgh, bahari inakila kila mwaka mpaka nyumba zimeshadondoka. Mwaka 2000 jamaa mmoja alikuwa anatembea na mbwa wake ufukweni akaona jiwe jeusi limechomoza kwenye tope, kumbe shoka la mkono, yaani jiwe lililochongwa la kushika bila mpini, la watu wa kale kabisa!

Sasa lilifikaje pale? Iko hivi, zamani hapo palikuwa na mto, watu wakikaa kandokando wanachonga mawe ya gumegume na vipande vinazama kwenye tope, halafu kama miaka 450,000 iliyopita barafu kubwa ikashuka kutoka kaskazini ikamwaga udongo wake juu, kila kitu kikafunikwa. Ule udongo ni laini, hauna mwamba wa kuushika, mawimbi yanaukata chini, juu unaporomoka, maji yanaubeba, na lile tope la zamani linabaki wazi.

Na utajuaje ni zana, si jiwe tu? Kipande kilichopigwa na mtu kina sehemu bapa pale kilipogongwa, chini yake kauvimbe, na vijimistari kama mawimbi ya maji ukitupia kokoto. Ukikiona piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, peleka makumbusho, maana jiwe lisilojulikana limetoka wapi limepoteza nusu ya habari yake. Ukingo wenyewe usiuchimbe, unaporomoka na unaua.

Mwaka 2010 watafiti walitangaza zana nyingine za hapo, za kale kuliko lile shoka, zina zaidi ya miaka 800,000. Kilichonifurahisha mimi ni walivyojua: chembe za chuma kwenye tope zimelala kufuata sumaku ya dunia iliyogeuka kinyume na ya leo, na mara ya mwisho iligeuka ikawa kama ya leo miaka 780,000 hivi iliyopita, kwa hiyo tope hilo ni la kabla ya hapo.

Halafu Mei 2013 bahari ikafunua nyayo, za watu wazima na watoto, za kale kuliko zote zilizojulikana nje ya Afrika. Zetu za Laetoli, hapa Tanzania, ni za zamani zaidi, miaka milioni 3.6, ila zile zilibahatika kulala kwenye majivu ya volkano yakaganda. Za Happisburgh zilikuwa kwenye tope tupu, watafiti wakawa wanakimbizana na maji kuzipiga picha kwenye mvua, na ndani ya wiki mbili hivi mawimbi yakazifuta zote.