Cheti cha ufundi stadi juu ya digrii: kinaongeza nini?

Cheti cha ufundi stadi kinathibitisha kwamba mtu amepimwa na kuonekana anaimudu kazi fulani: kufunga umeme, kuchomelea, kuendesha mitambo. Kwetu Tanzania msimamizi anayejulikana zaidi ni VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mafunzo yake yana ngazi ya I hadi ya III.

Dodoma swali la kurudi VETA baada ya digrii linasikika sana. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kipo tangu 2007 na kinamwaga wahitimu kila mwaka, huku mji nao ukijengwa kila upande, kuanzia Mtumba, uliko Mji wa Serikali.

Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alieleza elimu kama ishara: mwajiri hauoni uwezo wa mwombaji kabla ya kumchukua, basi hutazama vyeti. Wenye digrii ileile wakijaa, ishara hiyo hufifia. Mhandisi wa umeme mwenye cheti cha ufungaji anampunguzia mkandarasi wasiwasi. Huyu hatasimama mbele ya bodi ya umeme akiuliza waya upi ni laivu, yaani wenye umeme. Kwingine cheti ni sharti kabisa. Matangazo ya udereva serikalini hutaka, pamoja na leseni, cheti cha mafunzo ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambulika. Digrii ya utawala haizibi pengo hilo.

Kwenye mshahara ndiko wengi hujidanganya. Serikalini unalipwa kwa cheo ulichoajiriwa nacho, si kwa unene wa bahasha ya vyeti. Mwenye digrii akiingia kama dereva, anakula mshahara wa dereva. Afisa naye akiongeza cheti cha uchomeleaji, haongezewi hata shilingi.

Mtaani hesabu ni nyingine. Kazi ya wayaringi, yaani kutandaza nyaya za umeme, hulipwa kwa pointi, taa moja pointi moja, na mwenye nyumba wa mtaa wa Nkuhungu haulizi ulisoma wapi. Digrii huanza kulipa kazi zikikua: kusoma michoro, kuandaa makadirio, kuomba zabuni. Ila digrii na cheti viwe vya fani moja. Aliyesoma sosholojia akichukua cheti cha uchomeleaji anaanza chini kama mchomeleaji mwingine yeyote (si vibaya, lakini ajue).

Na si lazima kukaa darasani upya. VETA huwapima waliojifunzia kazini na kuwapa cheti, kwa hiyo aliyeshinda saiti likizo zote za chuo aanze kwa kuulizia huko kabla ya kulipa ada ya kozi nzima.