Gesi ya Friza Haiishi Kama ya Jikoni

Friza ya bucha ikianza kupoza kwa kusuasua, jibu huwa tayari mdomoni: "Gesi imeisha." Hapana. Gesi ya friza haichomwi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna tundu, na kuongeza bila kuziba ni kutia maji kwenye pakacha.

Mara nyingi kosa ni vumbi na mafuta yaliyoganda kwenye kondensa, ule wavu wa mabomba ulio nyuma au chini. Joto linakosa pa kutokea, kompresa, mota inayosukuma gesi, inahema usiku kucha, umeme wa luku unakwisha haraka. Chomoa plagi, safisha kwa brashi laini kila mwezi. Kwenye banda la chipsi, mapema zaidi. Halafu bana noti mlangoni: ikichomoka kirahisi, mpira wa mlango umechoka, baridi inatoroka.