Mchicha wa Nazi na Doa la Njano la Jicho

Wagonjwa hunitolea vichupa mfukoni: "Daktari, hizi dawa za mimea zinalinda macho na mwanga?" Baadhi zinasaidia, lakini si zote, na si kila mtu anazihitaji.

Katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pale tunaposomea na kutambua sura za watu, kuna doa dogo la njano. Unjano huo umetoka sahanini. Ni rangi mbili za mimea, luteini na zeaksanthini, ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza.

Miale ya urujuanimno huzuiwa kwa kiasi kikubwa na konea, kioo cha mbele ya jicho, na lenzi iliyo nyuma yake. Mwanga wa bluu hupenya. Kule nyuma unakuta seli zenye mafuta mengi laini, katika tishu inayotumia oksijeni kwa kasi kubwa mno. Mwanga, oksijeni na mafuta vikikutana, huzaliwa chembe haribifu, na mafuta ya seli huchacha kama samli iliyoachwa juani. Mwaka 1966 mtafiti Werner Noell alionyesha kwamba retina ya panya huharibika kwa mwanga wa taa tu, usiounguza, mradi ukae muda mrefu. Ile njano hunyonya bluu, hasa karibu na nanomita 460, kabla haijazifikia seli za kuonea, na pia huzizima chembe zilizokwisha kuzaliwa.

Luteini imejaa kwenye mchicha, sukuma wiki, kisamvu na majani ya maboga. Zeaksanthini ipo kwenye mahindi ya njano, yale tunayoyadharau kuwa ni ya msaada. Ugali wetu mweupe karibu hauna kitu. Kiini cha yai kina kiasi kidogo, lakini mwili hukipokea vizuri kwa sababu kimekuja na mafuta yake. Rangi hizi huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi peke yake hupita tumboni na sehemu kubwa ya mali yake. Utie tui, karanga au kijiko cha mafuta. Wapishi wa pwani walishalimaliza hilo zamani, bila maabara.

Sasa vidonge. Utafiti mkubwa wa Marekani, AREDS2, uliotolewa mwaka 2013, ulitumia luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2, pamoja na vitamini C, vitamini E, zinki na shaba. Mchanganyiko wa aina hiyo hupunguza kasi ya ugonjwa wa doa la njano unaokuja na uzee, kwa mtu ambaye tayari umemfikia hatua ya kati. Kwa kijana mwenye macho mazima, sioni sababu ya kumlipisha. Tena, aliyewahi kuvuta sigara aepuke vidonge vyenye beta-karotini, rangi ya karoti: huongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Dondoo za majani ya ginkgo, mti wa Kichina, zimewasaidia panya maabarani. Panya.

Na hakuna mboga inayomkinga anayelikodolea jua. Waliokwenda Rujewa, Mbarali, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kutazama jua likipatwa walihitaji miwani maalumu. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena, na Kenya na Oman wataliona likimegwa sehemu. Tafuteni mapema miwani yenye alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua. Filamu ya eksirei na kioo kilichopakwa masizi havifai.