Kwa nini kompyuta yako ina mafaili yanayoitwa “etilqs”?

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika %temp%. Kwenye folda itakayofunguka unaweza kukuta faili linaloanza na etilqs_, likifuatiwa na mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiosomeka. Wengi wakiliona hudhani ni kirusi. Hebu lisome kuanzia nyuma: sqlite.

SQLite ni programu ya kutunza data iliyoanzishwa na Mmarekani Richard Hipp mwaka 2000. Huioni, ila imo ndani ya Firefox, Chrome, simu za Android na iPhone. Hata meseji zako za WhatsApp hukaa humo. Ikiwa na kazi kubwa ya kupanga data, huandika faili la muda na kulifuta ikimaliza. Zamani mafaili hayo yalianza na sqlite_, wazi kabisa.

Balaa lilikuja McAfee, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walipoitia SQLite kwenye antivairasi yao. Mafaili ya sqlite_ yakazagaa kwenye folda ya temp. Watu wakashtuka, wakalitafuta jina hilo Google, wakapata namba za simu za watengenezaji wa SQLite na kuwaamsha usiku kulalamika. Maskini, faili si lao hata kidogo! Ndipo Oktoba 2006 jina likageuzwa nyuma mbele, na kisa chote kikaandikwa ndani ya msimbo wa programu yenyewe. Ujanja mzuri, kwa maoni yangu: fundi bado analitambua faili, ila mwenye hasira hapati pa kupiga simu.

Sasa hilo la kwako limeachwa na nani? Jaribu kulifuta. Likikataa, mara nyingi Windows itakutajia programu inayolishikilia. Isipotaja, fungua Resource Monitor (programu ya Windows inayoonyesha nani anatumia nini), ingia kichupo cha CPU, na kwenye kisanduku cha Associated Handles andika etilqs. Jina la programu litatokea. Likifutika bila ubishi, hakuna anayelitumia: yawezekana umeme ulikatika au kompyuta iliganda kabla programu haijafagia. Angalia saa lilipoandikwa, ukumbuke ulikuwa umefungua nini.

Tahadhari moja tu: faili halisi la etilqs halina kiendelezi, yaani nukta na herufi za aina ya faili, mwishoni. Ukiona limeishia na .exe, usilibofye, lipitishe kwanza kwenye antivairasi.