Rimiksi ya Hi-NRG: sikiliza besi kabla ya mwimbaji

"You Spin Me Round (Like a Record)" ya Dead or Alive, kundi la Pete Burns kutoka Liverpool, ilitoka Novemba 1984 na kushika namba moja Uingereza Machi 1985. Ndiyo iliyowapa maprodyuza Stock, Aitken na Waterman namba moja yao ya kwanza. Toleo la redio ni la dakika tatu na ushei. Kwangu mimi, wimbo wenyewe ni ule wa santuri ya inchi 12, Murder Mix, wa takriban dakika 8.

Kasi yake ni kama mapigo 128 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mapigo 64 huchukua sekunde 30 kamili, muda wa kumtosha dijei kuoanisha santuri mbili. Lakini utamu wa urefu huo hauko kwa dijei peke yake. Mwimbaji akikawia, sikio linahamia kwenye besi, na Hi-NRG, yaani disko ya kasi ya sintesaiza, imejengwa hapo: ngoma kubwa inagonga kila pigo, besi ya sintesaiza inakimbia katikati, ikiruka kutoka noti ya chini hadi noti ileile oktava moja juu. Mwili haupati pa kutulia. Burns anapoingia na ile sauti yake nzito, ukumbi umeshakamatwa.

Rimiksi nyingi za baadaye zinaharibikia hapohapo. Noti ya kwanza ya besi huja robo ya pigo baada ya ngoma, yaani milisekunde 117 hivi. Ngoma kubwa ya kisasa yenye mkia, yaani mlio unaobaki baada ya pigo, mrefu kuliko huo huifunika noti hiyo, na mruko wote unageuka mvumo. Kompresa, yaani kifaa cha kupunguza nguvu ya sauti, inayobana besi kila ngoma inapogonga, ikichelewa kuachia, inaimeza noti hiyohiyo. Kata mkia wa ngoma, achia kompresa ndani ya milisekunde 80, kisha zima kila kitu ubakize ngoma na besi tu: usipoweza kuhesabu noti za besi moja moja, bado.

Halafu kasi. Ukisukuma santuri kutoka 128 hadi 134, yaani asilimia 4.7, sauti hupanda karibu nusu toni na uzito wa Burns unayeyuka. Kompyuta huongeza kasi bila kupandisha sauti, ila makofi na ngoma hupoteza ncha. Kama una sauti ya mwimbaji peke yake, ivute hiyo tu, ngoma uzipige upya.