Mastektomia: kwa nini habari ya titi huishia mkononi

Mastektomia ni upasuaji wa kuondoa titi zima, mara nyingi kwa sababu ya saratani. Mitaani tunasema "kukatwa titi", na hilo neno kukatwa ndilo linalowakimbiza watu, maana linaleta picha ya kiungo kinachofyekwa kama mguu. Kinachofanyika si hivyo. Daktari hupasua ngozi kwa mkato wenye umbo la jicho kuizunguka chuchu, akaibandua nyama ya titi kutoka kwenye ngozi kwa juu na kutoka kwenye msuli wa kifua kwa chini, akaitoa yote pamoja na chuchu, kisha akaishona ngozi iliyobaki ikalala bapa. Msuli unabaki. Juu yake hubaki mshono mmoja.

Hiyo ni mastektomia ya titi peke yake. Kwetu wagonjwa wengi hufika ugonjwa umeshatembea kidogo, kwa hiyo upasuaji huingia mpaka kwapani na kutoa tezi za limfu, zile ambazo zikivimba tunaziita mitoki. Kila kwapa lina tezi kama 20 hadi 30, kwa wengine zaidi, zimefukiwa ndani ya mafuta, na saratani ya titi ikianza safari kituo chake cha kwanza huwa hapo. Ndiyo maana namshauri mtu yeyote anayejiandaa asiliwaze titi tu. Titi linaondoka ndani ya saa mbili tatu. Kwapa na mkono ndivyo vitakavyoamua miezi inayofuata itakuwaje.

Bibi zetu walikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 1894 daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alichapisha matokeo ya upasuaji wake, ambao ulitoa titi, tezi za kwapani na misuli ya kifua kwa pamoja. Aliamini ukikata mbali zaidi utauwahi ugonjwa. Njia hiyo ikatawala hospitali za dunia kwa miongo mingi, ikaacha wanawake wenye kifua kilichobonyea na mkono uliovimba kama gogo. Baadaye Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Italia wakawafuatilia wagonjwa kwa miaka 20, na mwaka 2002 wote wawili walitoa majibu yanayofanana: kwa uvimbe ambao bado ni mdogo, kutoa uvimbe wenyewe na kufuatisha mionzi kunampa mgonjwa miaka ileile ya kuishi kama kutoa titi zima.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari ni hili: je, uvimbe wangu unafaa kutolewa wenyewe, titi likabaki? Jibu hutegemea ukubwa wa uvimbe, kama uko mmoja au ni kadhaa, na pia, tusifichane, mashine ya mionzi iko umbali gani. Mionzi hutolewa karibu kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Mtu wa Kigoma anayetakiwa kwenda kukaa Mwanza au Dar es Salaam muda wote huo, bila ndugu wa kufikia, anaweza kuamua titi litoke lote kwa sababu ya nauli. Ila ajue kwamba tezi zikikutwa na saratani, mionzi huenda ikahitajika vilevile.

Na lile la "ikiguswa na kisu inasambaa"? Nimelisikia msibani, sokoni, hata kwa watu waliosoma. Upasuaji hausambazi saratani. Linaloonekana ni kwamba mtu amezunguka na dawa za kienyeji mwaka mzima, akafika kwenye kisu ugonjwa ukiwa umeshafika mbali, na akifariki kisu ndicho kinachosingiziwa.

Maandalizi huanza wiki kadhaa kabla. Kama umepewa kwanza dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, ili uvimbe usinyae, daktari atasubiri wiki tatu mpaka sita hivi baada ya dozi ya mwisho ili damu yako ipande. Utapimwa damu, presha, sukari, moyo na kifua. Hospitali nyingi huwaomba ndugu wachangie damu mapema. Taja kila dawa unayotumia, hasa asprini na dawa za kuyeyusha damu, na usione haya kutaja mizizi uliyopewa na mama mkwe: baadhi yake huzuia damu isigande. Anayevuta sigara aache, kidonda cha mvutaji hupona kwa taabu. Siku yenyewe, kwa kuwa ni nusu kaputi, tumbo liwe tupu. Kanuni ya kawaida ni kukaa muda wa saa sita bila chakula na saa mbili bila maji, ingawa wodi nyingi hukata mzizi wa fitina kwa kusema usile kitu tangu usiku wa manane. Toa rangi ya kucha, na kama umetoka harusini na piko vidoleni, mwambie nesi: kile kifaa cha kupimia oksijeni hubanwa kwenye kidole, na weusi huo unaweza kukipotosha.

Halafu kuna maandalizi ambayo hospitali haiyataji. Shangazi yangu aliingia wodini na madera matatu mapya. Hakuna hata moja alilolivaa, kwa sababu dera huvaliwa kwa kuinua mikono juu, na mikono haiinuki. Beba magauni au mashati ya vifungo vya mbele. Kanga nayo ina mambo yake. Ile tunayoikaza chini ya makwapa tukitoka kuoga hupita juu ya mshono kabisa, na upande mmoja haina tena pa kushikia, kila hatua mbili inashuka. Shangazi aliishia kuifungia shingoni kama mtoto. Kabla hujaondoka nyumbani, shusha sufuria, unga na sukari kutoka rafu za juu uviweke usawa wa kiuno. Na zungumza mapema, bila aibu, ni nani atateka maji, atasonga ugali, atakuna nazi na kumbeba mtoto mgongoni kwa muda wa mwezi na zaidi. Kwa wiki za mwanzo, birika la chai ndio uzito wako.

Ukizinduka utakuta mpira mmoja au miwili inatoka ubavuni, imeungwa na chupa ndogo ya plastiki iliyobinywa hewa ili ivute. Manesi huiita dreni. Kazi yake ni kuondoa maji yanayojikusanya pale titi lilipokuwa, maana mwili haupendi nafasi tupu, huijaza. Wengi huruhusiwa kurudi nyumbani nayo. Kila siku unaimwaga, unapima, unaandika. Shangazi aliandika nyuma ya daftari la hesabu la mjukuu: 140, 110, 85, 60, 45, 28. Siku za kwanza ilikuwa damu, ikawa kama juisi ya rozela, mwishoni ikawa kama chai nyepesi ya mchaichai. Dreni hutolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa siku, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili. Yakibadilika ghafla yakawa mekundu mabichi, au mazito yenye harufu, au ukipata homa na ngozi ikawa nyekundu ya moto, usisubiri tarehe ya kliniki. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, hiyo ni safari ya usiku huohuo.

Dreni ikishatoka, maji yanaweza kurudi yakatengeneza uvimbe unaochezacheza chini ya mshono. Huwatisha sana watu, wanadhani saratani imerudi. Daktari huyavuta kwa sindano, na mara nyingi hata husikii, kwa sababu eneo lote limekufa ganzi. Ganzi hiyo hushuka mpaka upande wa ndani wa mkono, kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya pale hupita katikati ya tezi zilizotolewa. Nyingine hurudi, nyingine haitarudi. Na wapo wanaowashwa chuchu ambayo haipo. Si wazimu wala si jini. Ubongo bado una ramani ya zamani.

Sasa mkono. Mtu akitoka kupasuliwa, silika humwambia aubane kifuani asiuguse. Akifanya hivyo wiki tatu, bega linaganda. Siku ya kwanza tu anza kukunja na kukunjua ngumi, kukunja kiwiko, kupeleka kikombe mdomoni, kuchana nywele. Usiupitishe usawa wa bega mpaka dreni itoke. Baada ya hapo simama mbele ya ukuta, pandisha vidole polepole kama buibui, weka alama ya chaki pale vilipokwama, kesho ujaribu kuipita. Wengine huhisi kamba nyembamba zilizokazwa kwapani, zinaonekana hata kwa macho mkono ukinyooshwa. Mazoezi huzilegeza. Haraka hii yote ina sababu moja ambayo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: kwenye kitanda cha mionzi utalazwa mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa, na utatakiwa utulie hivyohivyo. Bega lililoganda linaweza kuchelewesha matibabu.

Wakati huo nyama iliyotolewa iko maabara. Majibu yake huchukua wiki kadhaa, na ndiyo yanayosema kama utahitaji vidonge vya kuzuia homoni, ambavyo humezwa miaka mitano na zaidi, au dripu nyingine. Yafuatilie mwenyewe, uyapige na picha kwa simu. Karatasi hupotea.

Kilichobaki ni limfu. Kila siku maji huvuja kutoka kwenye damu yakaingia kwenye nyama za mwili, na mirija ya limfu huyarudisha kupitia zile tezi. Tezi za kwapani zikitolewa, fikiria mtaa ambao mitaro mitatu kati ya minne imezibwa: kiangazi huoni kitu, masika ndiyo utajua. Masika ya mkono ni kidonda kilichoingia uchafu, kuungua, au kazi nzito ya ghafla. Kati ya waliotolewa tezi nyingi, takriban mmoja kwa watano mkono wake huja kuvimba, na unaweza kuvimba hata miaka baadaye. Vaa glavu ukilima au ukiosha vyombo kwa maji ya moto, hasa kwa kuwa pale penye ganzi hutasikia unapoungua. Osha kila mkwaruzo. Uzito wa mwili ukiongezeka sana, hatari nayo hupanda. Ukivimba mapema, kuna mikono maalumu ya nguo ya kubana na namna ya kukanda inayosaidia; ukiachwa mpaka ngozi ikakakamaa, haurudi ulivyokuwa.

Dalili ya kwanza mara nyingi haionekani kwa macho. Mkono unakuwa mzito tu, pete inabana, mkono wa blauzi unaacha alama. Shangazi ana bangili moja ya dhahabu, aliyonunuliwa alipoolewa. Mwaka wa sita huu, kila Ijumaa akishaoga huivaa mkono wa kushoto, upande uliopasuliwa, kisha huivua. Ikitoka bila sabuni, anairudisha kulia na kwenda zake kupika.