Mnunuzi wako mwenyewe, kamisheni ya dalali

“Mnunuzi nimemtafuta mwenyewe, dalali nimlipe ya nini?” Wauza nyumba wengi husema hivyo, kisha hushtuka wanapodaiwa. Jibu limo kwenye mkataba. Ukimpa dalali mmoja haki kamili ya kuuza, kamisheni yake ipo palepale hata mnunuzi akiwa shemeji yako. Upo mkataba mwingine unaowazuia madalali wenzake tu. Humo ukiuza mwenyewe, hudaiwi. Majina ya mikataba hii miwili yanakaribiana mno (sidhani ni bahati mbaya), basi soma kifungu chenyewe. Wala usijifiche ukingoja muda wa mkataba uishe: mikataba mingi ina kipengele cha muda wa ziada baada ya hapo, tuseme siku 90, kinachomlinda dalali kwa kila aliyemleta kuiona nyumba.